Nyota Mbili za Mlango wa Mawe

Shangazi alikuwa ameisogeza cherehani yake mara tatu tangu asubuhi, na mara zote tatu aliirudisha palepale ilipokuwa. Chumba cha mbele hakikuwa kikubwa. Kilikuwa na kochi la watu watatu lililotandikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, viti viwili vya mbao, meza ndefu ya kukatia nguo, na lile sanamu la kupimia magauni, lisilo na kichwa wala mikono, ambalo siku hiyo lilivaa gauni la mteja lililobakiza vifungo tu.

"Hili nalo nilipeleke wapi?" Shangazi aliuliza, amelishika sanamu kiunoni. "Wakwe waingie wakute mtu hana kichwa sebuleni, watasema nini?"

"Watasema heri huyo, hana mdomo wa kuwajibu," alisema Nukta.

"Wewe! Leo huo mdomo utautia uzi na sindano. Umenisikia? Leo ni abee, ndiyo mama, ahsante mama. Basi."

"Na wakiniambia nifute?"

Shangazi alipangusa mezani vumbi ambalo halikuwepo.

Nukta lilikuwa jina la utani, lakini lilikuwa limemkaa kama ngozi. Shangazi ndiye aliyempa, alipomchukua kwa kaka yake akiwa na miaka sita. Mtoto akiandika, kila akifika mwisho wa sentensi alikandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka. Na akisema sitaki, ilikuwa sitaki, hakuna mjadala. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, mwenye macho makubwa yasiyojua kukwepa, na kazi yake ilikuwa kuchora programu za simu. Si yeye aliyeandika zile amri za kompyuta. Hiyo ilikuwa kazi ya mwenzake wa ofisini, waliyemwita Fundi. Yeye aliamua kitufe kikae wapi, kiwe cha rangi gani, na mtu akikibonyeza aone nini.

Kwa miaka miwili alikuwa akichora programu moja tu, ya watu wanaozamia baharini na mitungi ya hewa mgongoni. Mzamiaji, kabla hajashuka mahali asipopajua, angefungua simu, apatafute, asome waliomtangulia walikuta nini: kina cha maji, mkondo, mashua, kamba, hewa ya mitungini, na mwisho nyota, kuanzia moja mpaka tano. Alipoanza kazi hiyo hakujua hata kuogelea. Lakini alikulia chini ya meza ya mshonaji, na kitu kimoja alikijua: hushoni suruali ya mtu ambaye hujampima. Akaenda kujiandikisha kwenye kituo cha kuzamia, ajifunze. Mwalimu aliyepewa alikuwa kijana mpole, mwenye miguu mirefu kama makasia. Wenzake walimwita Mapezi.

"Jina gani hilo la mwanaume?" Shangazi aliuliza siku ya kwanza alipolisikia.

"Mapezi ni vile viatu vya mpira vya kuogelea, Shangazi. Vile kama miguu ya bata."

"Kwa hiyo unaniletea bata."

Akamletea bata, na Shangazi akampenda, kwa sababu alikula bila kuchagua na alipokea bakuli kwa mikono miwili.

Mapezi ndiye aliyemfundisha kwamba hazamii mtu peke yake. Kila mtu na mwenza wake. Kabla ya kushuka, huyu anakagua mikanda ya yule, anafungua mtungi wake, anasikiliza pumzi yake. Na wakirudi juu, mwenza anatia sahihi kwenye daftari la mwenziwe, maana yake: nilikuwepo, asemayo ndiyo. Nukta alilipenda jambo hilo mpaka akalifanya sheria ya programu yake. Maoni ya mtu hayatasomwa na yeyote mpaka mwenza aliyezamia naye ayathibitishe. Kabla ya hapo yatakaa na alama ya njano. Na mwenza akikataa, aseme kwa nini.

"Utafukuza watu," Fundi alimwonya. "Watu siku hizi hawana subira."

"Asiye na subira asizamie," alijibu, na ikabaki hivyo.

Sasa sheria yake mwenyewe ilikuwa imemkaba koo. Siku kumi na moja zilizopita, Mapezi alimpeleka pamoja na wageni sita Mlango wa Mawe, tao kubwa la mwamba chini ya bahari, lililokuwa fahari ya kituo chao. Huko chini, mita kumi na nane, mwanga ukiingia kwenye tao kama shuka la kijani, alichomoa kile kibao cha kuandikia majini akaandika kwa herufi kubwa: UTAKUBALI NIKUPOSE? Nukta alicheka mpaka miwani yake ikaingia maji. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Halafu wakaanza kupanda, akakuta kamba ya kupandia imechanika nyuzi, mkondo unawasukuma kama mtu mwenye ugomvi, na walipotokeza juu mashua ilikuwa mbali, nahodha wake amesinzia. Walielea wote wanane wakipiga filimbi kwa dakika ishirini.

Alifika nyumbani na furaha yake, akaoga, akaandika yote aliyoyaona kwenye programu, iliyokuwa imeshaanza kutumika. Nyota mbili.

"Mwanaume anakuposa mahali, unapapa nyota mbili!" Shangazi alishika kichwa alipoambiwa.

"Yeye nilimpa tano. Mahali nikapapa mbili."

Na tangu siku hiyo, siku kumi na moja, maoni yale yalikaa na alama ya njano. Mwenza alikuwa Mapezi, naye hakukubali wala hakukataa. Kila akiulizwa kwenye simu alisema, "Nipe muda kidogo." Siku ya saba Nukta akaacha kupokea simu zake. Mjomba wake Mapezi akaikuta simu ya kijana juu ya meza ya mapokezi kituoni, akasoma, akakimbilia kwa dada yake. Ndiyo maana leo wanakuja.

Saa tisa na dakika kumi gari likasimama nje.

Aliyetangulia kuingia ni mama yake Mapezi, mwenye kituo. Watu wote walimwita Mama Kituo, hata mwanawe alipokuwa kazini. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, nywele zake fupi zimekwisha kuwa nyeupe, na mkononi alivaa saa kubwa ya kiume ya kuzamia, iliyokuwa ya marehemu mumewe. Nyuma yake alikuja kaka yake, Mjomba, mtunza mashine za kituo, kavaa koti na kalamu tatu mfukoni ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiandika. Wa mwisho alikuwa Mapezi.

Nukta alikuwa amejiapia jikoni kwamba hatamtazama. Akamtazama. Alikuwa amekonda mashavuni, na shati alilovaa lilikuwa lile la samawati ambalo yeye Nukta ndiye aliyemshonea kifungo cha pili kwa uzi usiofanana. Macho yao yakakutana juu ya kichwa cha Mama Kituo. Ya Mapezi yaliomba kitu, lakini Nukta hakujua ni nini, na kutojua huko kulimuuma kuliko kama angemtukana.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba," alijibu Mama Kituo, akaketi kwenye kiti cha mbao, si kwenye kochi. Mtu aliyekuja kukaa hakai kwenye kiti cha mbao. Shangazi aliliona hilo, moyo ukamshuka.

Chai ikamiminwa. Mjomba akasafisha koo.

"Sisi tumekuja kwa heri," alianza. "Mwenye kuposa hana haraka. Lakini mwenye kuchafuliwa jina, huyo ana haraka. Wahenga walisema..."

"Kaka, fupisha," alisema Mama Kituo. Akamgeukia Nukta. "Binti, nakuuliza wewe mwenyewe. Yale maneno uliyaandika wewe?"

"Niliyaandika mimi, mama."

"Ukiwa na akili zako?"

"Zote."

Shangazi alikohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa cha kifua.

"Unajua Mlango wa Mawe ni nini kwangu?" Mama Kituo aliuliza, sauti yake chini. "Mimi na mume wangu ndio tuliouona kwanza. Tulikuwa na mitungi minne tu, na mashua ya kuazima. Miaka ishirini na sita nimewapeleka watu pale, wakubwa kwa wadogo. Sijawahi kumzika mgeni."

"Na sitaki uanze, mama."

"Mnausikia huo mdomo?" Mjomba aliruka, chai ikamwagika kwenye kisahani. "Mnausikia? Dada, huyu ukimwingiza nyumbani atakupa nyota hata wewe! Atakupa nyota kwa upishi! Atakupa nyota kwa kukoroma!"

"Kwa kukoroma nakupa wewe tano," Mama Kituo alimkata, bila kucheka. "Nyamaza." Akaweka kikombe mezani, hajakigusa kwa midomo. "Binti, mimi sipendi mizunguko. Futa yale maneno sasa hivi, na tupange siku ya harusi kabla chai hii haijapoa. Usipofuta, mimi naondoka na mwanangu, na hatutaonana tena."

Shangazi akasogea kwenye kochi, akaushika mkono wa Nukta.

"Mwanangu," alisema taratibu. "Nyota ni kitu gani? Zimejaa huko juu, wala hakuna mwenye hesabu yake. Ongeza mbili, tatu, nani atajua?"

Nukta aliugeuza mkono ule akautazama, vidole vyenye matundu madogo ya sindano.

"Shangazi, yule bibi harusi wa gauni la mikono mirefu, unamkumbuka? Ulifumua mkono wa kushoto siku moja kabla ya harusi yake. Alikulilia. Akakwambia mkono umepinda kidogo tu, hakuna atakayeona. Ulimjibuje?"

Shangazi aliuvuta mkono wake. "Hayo ni mambo ya nguo."

"Ulimjibuje?"

"Nilimwambia, mimi nimeshaona."

"Basi na mimi nimeshaona." Nukta akainuka. Alisimama katikati ya chumba, kando ya lile sanamu, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mama, nakuheshimu. Mwanao nampenda, na nikimkosa sijui nitakuwa mtu gani. Lakini sifuti. Kuna mtu sijawahi kumwona, yuko nyumbani kwake sasa hivi, anapanga mkoba wake aje azamie. Ananiuliza mimi: kamba ipo? Nimjibu ipo, ili mimi niolewe? Sifuti."

"Nukta!"

"Sifuti, Shangazi. Hata nikizeeka na wewe humu ndani tukigombania cherehani. Sifuti."

Mama Kituo alimtazama kwa muda. Kama kulikuwa na heshima katika macho yale, aliifunika upesi. Akamgeukia mwanawe, aliyekuwa bado amesimama karibu na mlango kama mtu asiyejua kama amekaribishwa.

"Wewe ndiye mwenza. Naambiwa lile liprogramu linakusubiri wewe, bila wewe maneno hayatoki. Sema hapa mbele ya watu. Unathibitisha, huthibitishi?"

"Sithibitishi," alisema Mapezi.

Mjomba akapiga paja lake. "Huyo ndiye mpwa wangu!"

Nukta alihisi sakafu inaondoka, kama siku ya kwanza alipotoka kwenye mashua akakuta chini hakuna chini. Siku kumi na moja alikuwa ameogopa neno hilo, na sasa limekuja. Lakini hakulia. Alikunja mikono kifuani.

"Sheria inataka sababu," alisema. "Sema sababu yako."

"Kuna mstari mmoja si kweli."

"Mimi sikuandika uongo."

"Hukujua." Mapezi akasogea hatua mbili. "Kamba uliandika kweli. Mashua kweli. Mkondo kweli. Lakini kwenye hewa uliandika: safi kabisa, nyota tano."

"Ilikuwa safi! Niliipumua mwenyewe."

"Ulipumua mtungi niliokwenda kuujaza bandarini alfajiri, kwa wale wazamiaji wanaotengeneza meli. Nikaubeba, nikaubandika alama ya kituo. Wewe ulipumua hewa ya watu wengine." Akameza mate. "Sikutaka upumue ya kwetu."

Mjomba akaanza kuzipanga upya zile kalamu zake.

"Ya kwetu ina nini?" Mama Kituo aliuliza.

"Ina mafuta, mama. Nilikwambia mara tatu. Ukamuuliza Mjomba, akakwambia chujio la mashine ya kujazia mitungi ni jipya kabisa, ukamsadiki. Wageni wanapanda juu vichwa vinawauma, wanatapika, tunawaambia ni mawimbi."

"Mkubwa hasemwi hivyo!" Mjomba alifoka. "Mimi mashine zile nimezilea kabla wewe hujaota meno!"

Mapezi alitoka nje hadi kwenye gari, akarudi na kitu kirefu kilichofungwa gazeti. Akataka kukiweka kwenye meza ya kukatia.

"Si juu ya kitambaa cha watu!" Shangazi alipiga kelele, akakivuta kitambaa cheupe upesi.

Gazeti likafunguliwa. Ndani lilikuwamo chujio, nene kama mkono wa mtu, na jeusi kama kitako cha sufuria. Harufu yake ikajaa chumba, harufu ya gereji.

"Nimelitoa leo asubuhi," alisema Mapezi. "Linatakiwa kuwa jeupe."

Mama Kituo aliinuka, akaligusa kwa kidole, akakisugua kidole kwenye kiganja, akanusa. Alikuwa mzamiaji kabla ya kuwa mfanyabiashara, hakuhitaji kuelezwa.

"Kaka."

"Dada, mimi nili... nililigeuza."

"Uliligeuza?"

"Upande wa juu ukiziba, unalipindua, chini linakuwa juu. Linapata nguvu mpya. Halafu nililipuliza vizuri tu. Nilikuwa nasubiri jipya lifike."

"Tangu lini?"

Mjomba alitazama dari. "Tangu mwaka jana, hivi."

"Mficha maradhi," Shangazi alinong'ona, akaishia hapo, kwa kuwa methali nyingine hazina haja ya kumaliziwa mbele ya wageni.

Nukta hakuwa akimtazama Mjomba. Alikuwa akimtazama Mapezi, na machoni mwake upendo na hasira vilikuwa vinagombea mlango mmoja.

"Tulikuwa wazamiaji wanane kwenye ile mashua," alisema. "Mimi, wewe na wageni sita. Wao walipumua nini?"

"Ya kituoni."

"Na wewe?"

"Ya kituoni."

"Kwa hiyo ulipokuwa unaniandikia kile kibao..."

"Kichwa kilikuwa kinagonga kama nyundo."

"Usinichekeshe. Nimekasirika." Na kweli alikuwa amekasirika. "Mtungi mmoja, umenitilia hewa safi na uongo humohumo. Na mimi nikauandika, na jina langu juu yake. Wale sita je? Hawana wa kuwabebea mtungi bandarini?"

"Ndiyo maana sikulala siku kumi na moja."

"Ungelala kama ungesema siku ya kwanza!"

"Ningesema siku ya kwanza," alijibu Mapezi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda, "mama angenifukuza na wewe ungenidharau. Niliogopa wote wawili. Leo nimeamka nikaona woga huu utakuja kuua mtu. Basi nifukuzeni, nidharauni. Siwezi kuthibitisha nyota mbili. Pale ni nyota moja."

Nukta alichukua simu yake kutoka juu ya cherehani. Akayafuta yale maoni ya kwanza mbele yao wote. Mjomba alipumua kwa nguvu, akidhani mambo yamekwisha. Halafu akaona vidole vya binti vinaandika tena, na Nukta akiandika alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mwalimu anayesoma imla.

"Kamba: imechanika. Mashua: ilituacha. Hewa ya mitungini: ina mafuta, kichwa kitakuuma. Mimi nilipewa mtungi uliojazwa kwingine bila kujua, nikasema ni safi, nilikosea. Mahali penyewe ni pazuri kuliko pote nilipowahi kuona. Msishuke. Nyota moja."

Akapiga nukta ya mwisho kwa kidole, kwa nguvu ileile ya utotoni. Simu ya Mapezi ikalia mfukoni.

"Mwanangu," alisema Mama Kituo. Hakugeuka, bado alikuwa na lile chujio mbele yake. "Haya yangemalizwa ndani ya nyumba."

"Nilianzia ndani, mama. Siku ile nilikushika mkono nikupeleke mashineni, ukaniambia wageni wanasubiri."

"Ukibonyeza hapo, usirudi kituoni kwangu."

"Nimekusikia."

"Wala nyumbani kwangu."

"Nimekusikia, mama."

Mapezi akabonyeza. Ile alama ya njano ikageuka kijani.

Mama Kituo alilifunga chujio kwenye gazeti lake, pole pole, pembe kwa pembe, akalitia kwapani kama mtu anayebeba maiti ya ndege. "Nilikuja na neno zuri," alimwambia Shangazi. "Narudi nalo. Samahani kwa chai." Akatoka. Mjomba akamfuata nyuma, hana neno la wahenga hata moja.

Wakabaki watatu na lile sanamu. Mapezi akafungua mdomo.

"Usifikiri nitakukimbilia kifuani," Nukta alimwahi.

"Sijafikiri."

"Ulifikiri kidogo."

"Kidogo," alikiri.

Akamsogelea hata hivyo. Akakishika kile kifungo cha pili cha shati, akakizungusha kwa kidole, hakuinua macho. Mapezi alisimama kimya asipumue, kama mtu aliyetuliwa na kipepeo.

"Siku nyingine ukitaka kunilinda," alisema Nukta, "nionyeshe hatari, tuikabili wote. Mimi si mzigo wa kubebwa juu ya maji. Mimi ni mwenza."

"Wewe ni mwenza."

"Na nimekukasirikia mpaka Jumatano."

"Jumatano saa ngapi?"

"Jioni."

"Na hapa katikati nitalala wapi? Nimefukuzwa."

"Hapa hulali!" Shangazi alidakia kutoka jikoni, ambako alikuwa amekwenda ili asisikie na alisikia yote. "Bado hujaoa!"

Hapo simu zote mbili zikalia kwa pamoja. Nukta alipoichora programu yake alikuwa ameweka chini ya kila maoni nafasi ya mwenye kituo kujibu, kwa kuwa, alisema, hata mshtakiwa husikilizwa. Sasa palikuwa na jibu pale. Akachungulia dirishani. Gari halikuwa limeondoka. Mama Kituo alikuwa ameketi kiti cha mbele, miwani puani, simu ameishika mbali na uso, kidole kimoja kimesimama hewani.

"Soma," alisema Shangazi, akija mbio na kitambaa cha kufutia vyombo. "Soma kwa sauti, macho yangu hayafiki."

Mapezi akasoma.

"Mimi ndiye mwenye kituo. Mashine imezimwa leo. Hakuna atakayezamia kwangu mpaka hewa iwe safi, kamba iwe mpya, na mtunza mashine awe mtu mwingine. Walioumwa na vichwa tuliwadanganya, waje niwaombe radhi. Aliyeandika hapo juu ni mkwe wangu. Hana adabu, na simpendi. Alichosema ni kweli."

Shangazi aliketi kwenye kochi.

"Rudia pale. Kaandika nani?"

"Mkwe wangu," alirudia Mapezi.

"Mbele ya watu wote?"

"Wote, Shangazi. Dunia nzima inasoma."

Nje gari liliwaka, likaondoka bila kupiga honi. Nukta alikuwa bado dirishani, kidevu juu, amekunja mikono.

"Kasema hanipendi," alisema.

"Na wewe je, unampenda?" Shangazi aliuliza.

"Hata kidogo."

"Basi," alisema Shangazi, akivuta kikombe cha chai ambacho Mama Kituo hakukionja, akakinywa yeye, "mmeshakuwa jamaa moja."